Ali Faridi Ameacha Ubunge

Jumamosi. Mvua ya vuli imetuchezea tangu asubuhi. Inanyesha, inakatika, jua linachomoza, tunaanika. Tukishamaliza tu kuanika, yanaanza kudondoka matone mengine. Majamvi yameingia ndani na kutoka mpaka mgongo unaniuma. Karafuu zetu za mwaka huu si nyingi, lakini zikirowa zinafanya ukungu, na mama yangu karafuu yenye ukungu hataki hata kuiona.

Hayo ya mvua nimeyaandika kwa mazoea tu. Kilichonishughulisha khasa leo ni uso wa mama.

Tangu juzi hasemi na mimi. Nikimwamkia anaitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi, kisha basi. Akitaka chumvi anajinyanyua kuifuata mwenyewe, na magoti yake yale! Chai nimemwekea, ameiacha ikapoa mpaka ikafanya utando. Na kosa langu ni moja. Nilimwambia kuwa Ali Faridi ameacha ubunge.

Wanaonisoma humu mtandaoni kwa mara ya kwanza watajiuliza ni Ali Faridi yupi, wa jimbo gani. Msihangaike, hamumjui. Ali Faridi ni Mmarekani, mzungu kabisa, na jimbo lake liko huko kwenye theluji. Jina lake la cheti ni Alfredi. Ni kaka wa mama yangu.

Najua. Ngojeni.

Baba yake aliletwa Pemba zama za Waingereza kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakiua mikarafuu. Wakapanga nyumba hapa Wawi, yeye na mkewe mwenye mimba. Mke akajifungua salama, kisha homa ikamlaza, maziwa yakakauka. Wakajaribu maziwa ya kopo, mtoto akaharisha mpaka akabaki macho tu. Bibi yangu, Bi Time, Mungu amrehemu, naye alikuwa ndani ya arubaini yake, na mama yangu Mchanga yuko kifuani.

Yule mzungu akaja mwenyewe nyumbani kwetu, kofia mkononi, na mkalimani wake. Sasa mkalimani akaona haya. Atataja vipi kifua cha mke wa mtu mbele ya mumewe? Akawa anazunguka, mara bwana anaulizia hali, mara bwana anatafuta maziwa. Babu akamjibu kwa masikitiko kwamba ng'ombe wake yuko mkavu tangu mwezi uliopita. Wakasimama hapo, watu wazima watatu, wanazungumza habari za ng'ombe, na kule njiani kitoto kinalia kwa sauti iliyokwisha.

Bibi akaisikia ile sauti kutoka ndani. Akasema, "Nyinyi wanaume mna wazimu. Mleteni huyo mtoto."

Wakamleta. Alipoambiwa jina lake ni Alfredi, bibi akasikia Ali Faridi, akasema jina zuri, kumbe wazungu nao wana akili. Hakuna aliyemrekebisha. Akawanyonyesha wote wawili, Mchanga upande wa kushoto, Ali Faridi upande wa kulia, mpaka wakaanza kutambaa pamoja kwenye mkeka mmoja. Mama anadai mpaka leo kwamba upande wa kulia ndio uliokuwa na maziwa mengi, na kwamba alidhulumiwa.

Kwetu sisi jambo hili si la kusema asante na kwaheri. Mtoto akinyonya akashiba, mara tano na zaidi, yule aliyemnyonyesha ni mama yake, na watoto wa yule mama ni ndugu zake. Hawezi kumuoa dada yake wa kunyonya hata dunia ipinduke. Na dada yake huyo hajifuniki mbele yake, anakaa naye kichwa wazi kama anavyokaa na kaka wa tumbo moja. Bibi alikwenda kwa shehe kuuliza kama hukumu ni hiyo hiyo kwa mtoto wa kizungu. Shehe akamwambia maziwa ni maziwa.

Ndiyo maana nasema ni kaka wa mama. Na mama hana mwengine. Wote waliozaliwa kabla yake na baada yake bibi aliwazika wadogo.

Wale wazungu wakaondoka, mama mtu akiwa amepona. Lakini yule baba alikuwa muungwana. Kila mwaka alileta picha ya mtoto kwa posta. Ali Faridi ana meno, Ali Faridi ana baiskeli, Ali Faridi kavaa joho la kuhitimu. Ya mwisho kabla mzee yule hajafariki ilimuonyesha kijana mrefu mwenye tai, amesimama kwenye ngazi za jumba lenye kuba, na nyuma imeandikwa kwamba amechaguliwa kuwa mbunge. Bibi akaitundika ukutani, juu ya sanduku lake la nguo.

Basi hapo mama akapata la kusema. Kisimani, harusini, foleni ya mchele, popote. "Kaka yangu yumo kwenye Bunge la Amerika." Watu wa Wawi wakamcheka mpaka wakachoka. Jirani yetu Faki, ambaye amekua pamoja na mama na ulimi wake haujawahi kupumzika, akawa kila akipita anaulizia, "Mchanga, kaka mheshimiwa kaleta salamu?" Mama anamjibu, "Kaleta. Kasema ulipe jembe langu." Hivyo hivyo kila siku, utoto wangu wote.

Mimi mwenyewe ni mwalimu wa Kiingereza kwa sababu ya Ali Faridi. Mama aliamua kwamba ndani ya nyumba lazima awepo mtu wa kuzungumza na mjomba siku atakayokuja. Watoto wenzangu walikuwa wanacheza rede, mimi nimekalishwa na kamusi.

Mtandao ulipofika kwetu nikamtafuta, nikampata. Kumbe si lile Bunge kubwa la nchi nzima, ni la jimbo lao tu. Nikaenda kumwambia mama kwa uangalifu, nikidhani nitamvunja moyo. Akaniangalia. "Kwani hilo jimbo haliko Amerika?"

Lipo, mama.

"Basi usinichoshe."

Nikaendelea kumsoma, na kusema kweli nikampenda. Aliingia bungeni kijana hata hajaoa, akatoka mzee mjane. Zaidi ya miaka arubaini, kiti kile kile karibu na mlango, wapigakura wale wale wa mashamba ya viazi na viwanda vilivyofungwa. Hakuwahi kuwa spika. Aligombea ugavana mara moja akabwagwa vibaya, kesho yake akarudi kazini kusikiliza malalamiko ya barabara. Si malaika. Aliwahi kupigia kura sheria ya magereza iliyojaza vijana wa kimasikini jela, na miaka ikapita kabla hajasimama mbele ya wenzake kusema nilikosea. Lakini alisimama. Wangapi tunawajua waliosimama?

Na alikuwa na mswada wake mmoja aliokuwa akiupeleka kila bunge jipya likianza. Alitaka wanawake wanaonyonyesha wapewe muda na chumba cha faragha kazini. Wenzake wakimcheka. Wakamwita Mbunge wa Maziwa, wakamchora kwenye gazeti kavaa aproni. Unakataliwa, anaurudisha. Unakataliwa tena, anaurudisha tena. Ulipita yeye akiwa na mvi kichwa kizima. Hakuwahi kueleza kwa nini kaushikilia vile, na waandishi wakaandika kuwa ni ukaidi wa uzee tu.

Mimi nikiwa hapa Wawi nikajisemea, loo, ningewaeleza mimi.

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuliandika humu. Alikuja.

Ni miaka kadhaa sasa. Alikuja na binti yake, ambaye anaitwa Jini. Naliandika kama linavyotamkwa, msicheke. Mama alikataa katakata kumwita hivyo ndani ya nyumba, akampa jina la Zeina papo hapo, na hilo ndilo nitakalotumia. Waliteremka kwenye boti bandarini Mkoani wakaletwa na gari ya kukodi, na wenyeji wao wawili wa kuwaongoza.

Mama alijiandaa kama bi harusi wa zamani. Aliifukiza nyumba udi. Alipaka hina. Akaniambia nimsuke, nikamsuka zile nywele zake chache, nyeupe, laini, na akachomeka asumini. Mama yangu hajawahi kutoka kizingitini bila ushungi wake hata kuokota nazi. Hizo asumini zilikuwa za mtu mmoja tu kuziona.

Wanaume wengine wote tukawaweka barazani kwa Faki wakanywe kahawa, na Zeina akangoja nje zamu yake. Ukumbini nikabaki mimi na mama. Akavua ushungi, akaukunja, akauweka juu ya sanduku la bibi. Akasimama katikati ya chumba, mikono imenyooka mbele. Nikafungua pazia.

Akaingia. Mrefu, ameinama kukwepa kizingiti. Akanyanyua uso, akamuona mama kichwa wazi.

Akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto. Akageuza uso ukutani, mkono kifuani, uso mwekundu, ananiambia mimi kwa Kiingereza haraka haraka kwamba anaomba radhi sana, ameingia vibaya, nimwambie bibi huyu kwamba atasubiri nje mpaka avae.

Kumbe huko walikotoka walipewa semina ya mila zetu. Usimpe mkono mwanamke. Usimkazie macho. Ukimkuta hajajistiri, geuka. Masikini alikuwa ameyashika yote kwa moyo, kama mwanafunzi wangu anayeogopa kufeli. Alikuwa anatupa heshima aliyofundishwa, na mama hakuhitaji tafsiri. Aliona tu kaka yake anampa mgongo.

Mikono ikashuka. Akachukua ushungi juu ya sanduku, akajifunga mpaka kidevuni. Nikafungua mdomo kumueleza yule mzee, nikasema neno moja tu, mama akanikata kwa sauti ndogo.

"Usimwambie."

Mama, hajui, nikamwambia. Hajui kabisa.

"Mamake hakumfunza kuwa ana dada, miye nimfunze? Undugu si kitu cha kuombewa na mkalimani. Mwambie mheshimiwa akae."

Mheshimiwa. Kwa muda wote waliokaa, mama hakutaja Ali Faridi hata mara moja. Akamtilia chai, akamkaribisha mkate wa kumimina, akamjibu kila swali kwa adabu ile tunayowapa watu wa sensa. Ali Faridi naye hakumtazama usoni hata kidogo, anazungumza na kikombe chake. Walipoondoka, mama akaitoa picha ukutani. Hakuichana. Aliiingiza ndani ya sanduku, akafunga. Msumari ukabaki pale pale.

Na Faki akaacha utani. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Alipita siku ya pili, akatazama ndani, akauona ukuta, akauliza bei ya majamvi.

Tangu hapo jina hilo halikutajwa ndani ya nyumba yetu. Mimi nikawa nafuatilia kimya kimya. Zeina tukawa tunaandikiana, sikukuu njema, hali ya hewa, mambo ya juu juu. Neno la mama lilikuwa ni neno la mama, na mimi kwa mama yangu ni mtoto mpaka siku ya kuzikwa kwangu.

Wiki hii Zeina akanitumia video. Baba yake anaacha ubunge. Moyo wake umechoka, madaktari wamemkataza hata kupanda ndege. Hii ni hotuba yake ya kuaga.

Niliitazama ofisini skuli, wenzangu wametoka kwenda kusali. Alisimama pale pale karibu na mlango, ameshika kiti cha mbele yake. Akashukuru. Akalirudia lile kosa lake la magereza, akasema halijafutika kwa kulikiri. Kisha akasema mlinicheka miaka mingi kwa ajili ya ile sheria yangu ya maziwa, sasa nitawaambia. Akawaambia kisiwa alichozaliwa. Akawaambia kuhusu mwanamke aliyemgawia maziwa ya mtoto wake mwenyewe. Akalitaja jina, Time, na akalitamka sawasawa, lazima mama yake alimfundisha. Kompyuta inayoandika maneno chini ya video haikumjua bibi yangu, ikalichukua jina lake kwa Kiingereza, ikadhani mzee anazungumzia saa.

Na hakuishia hapo. Alisema aliwahi kurudi kwa yule mwanamke, akakuta ameshafariki, akakaribishwa na binti yake. Akasema, "Niliingia kwa pupa nikamkuta hajajifunika. Nikamfedhehesha mwanamke ambaye nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kumshukuru. Hakuniangalia tena kwa wema siku ile, na ana haki. Katika yote niliyofanya vibaya, hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho."

Nilishika mdomo. Wallahi nilishika mdomo kwa mikono miwili.

Miaka yote hii! Huyu hapa Wawi anaona kakanwa, na yule kule anaona kamvunjia heshima. Wote wawili wanaona haya, kila mmoja na haya zake, kwa sababu ya ushungi uliokuwa juu ya sanduku.

Juzi nikarudi mbio nimwambie mama. Nikaanza vibaya, nikaanzia mwanzo wa habari, mama, Ali Faridi ameacha ubunge. Hata sijafika kwenye jambo la pili akanyanyua mkono. "Na aache. Yanihusu n'ni miye?" Akaingia chumbani kwake. Ndizo hasira hizi nilizoanza nazo hapo juu.

Nikakaa uani nikajiuliza, nimtii mpaka lini? Mpaka mmoja wao atangulie? Halafu nifanye nini na Kiingereza changu?

Nikamwandikia Zeina. Nikamueleza kila kitu, maziwa, mara tano, shehe, asumini. Nikamwambia mama yangu hakuwa uchi mbele ya baba yako. Alikuwa nyumbani mbele ya kaka yake. Ile ilikuwa salamu.

Jibu lilikuja jana, fupi. Baba amesoma. Amekaa na simu mkononi tangu asubuhi. Anaomba kuzungumza naye kwa video kesho, mkiruhusu. Nikajibu ndiyo. Mama sikumuomba ruhusa, nikaogopa. Ningemuomba angekataa, na akikataa habari imekwisha.

Leo basi. Alasiri mvua ikaturudisha ndani tena, safari hii tukaacha jamvi moja nje kwa kuchoka. Mama akakaa ukumbini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua karafuu, zenyewe huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule. Kichwa wazi, kwa kuwa tulikuwa wawili tu. Simu ikalia.

Mama, nikasema, ni Ali Faridi. Anataka kukuona.

Vidole vikasimama. Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alitazama simu inavyolia. Kisha akavuta ushungi wake uliokuwa begani, akajifunika, akaubana chini ya kidevu, kama anavyofanya akisikia sauti ya mwanamme yeyote.

Nikasema basi. Imekwisha.

Nikapokea kwa kuwa nimeshaahidi. Akatokea yule mzee, kwenye kiti chenye mto, blanketi miguuni, amekonda. Na alikuwa ameinamisha uso! Bado anatazama chini, anaogopa kutazama. Mama akamwona anavyoinama. Zeina akasikika pembeni, akimwambia baba yake kitu polepole. Midomo ya mzee ikacheza kidogo, akatoa neno moja, lililopinda, lililofanyiwa mazoezi.

"Dada."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Mwambie atazame huku."

Nikamwambia. Akanyanyua macho. Akasema, na mimi nikitafsiri, kwamba alidhani siku ile ameona kitu kisichokuwa chake kukiona.

"Uliona kichwa cha dada'ko," mama akasema. "Ndicho ulichoona. N'livyosukwa vizuri!"

Nikatafsiri. Akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Mama akanisogelea, akaishika simu mwenyewe, huku vidole vyake vinanukia karafuu.

"Hakuna aliyekwambia?"

Akatikisa kichwa. Hakuna.

"Na miye sikukwambia," mama akasema. "N'likasirika. Weye hukujua, na miye n'lijua kuwa hukujua, na bado n'likasirika."

Hilo nalo nikalitafsiri. Mama akatia mkono nyuma ya shingo, akaulegeza ushungi, akauvuta. Ukamwangukia mapajani, juu ya karafuu.

"Haya, tazama. N'mekuwa mweupe kuliko weye."

Akatazama. Safari hii hakugeuza uso. Akacheka huku analia, akavua kofia yake ya sufu na yeye, kichwa hakina hata unywele. Mama akapiga ukelele. "Subhanallah! Salma, kaka'ngu kawa kipara! Muulize, maziwa yote yale ya upande wa kulia kayapeleka wapi?"

Nikamuuliza. Ikabidi nimueleze habari ya kushoto na kulia, na aliposhika akacheka mpaka Zeina akaja kumpa maji. Akasema mwambie nimeishi miaka mingi nikijua nina deni, sikujua nina dada. Mama akasema deni lipi, mpuuzi huyu, muulize anakula nini huko mbona kakonda.

Hapo ndipo tukasikia viatu vinakung'utwa tope nje.

"Hodi! Mchanga! Jamvi lenu linarowa huku!"

Faki. Kashika pazia tayari kuingia, kama anavyoingia siku zote, kwa jirani aliyekua naye tangu utoto. Mama akaudaka ushungi mapajani, lakini hakuuvaa. Aliushika tu kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, akapaza sauti ambayo sikuisikia tangu picha ile itoke ukutani.

"Baki hapo hapo nje, Faki! Usiingie! Sijajifunika, n'mekaa na kaka'ngu!"

Mvua tu kwenye mabati.

Kisha Faki, kwa sauti ya chini, karibu ya woga, "Yule wa Amerika?"

"Kwani weye wanijua n'na mwengine?"

Halafu nikasikia anacheka peke yake huko barazani, kicheko chake kile cha zamani. "Basi muulize mheshimiwa," akasema, "kaleta salamu?"

"Kaleta!" mama akamjibu, macho hayatoki kwenye simu. "Kasema uliingize hilo jamvi!"

Nilikwenda kumsaidia kulivuta. Sikutaka anione ninavyolia, lakini na yeye alikuwa anajifuta uso, akasema ni mvua. Tulipomaliza nikachungulia ukumbini. Mama bado yuko kwenye mkeka, kichwa wazi, anamuonyesha kaka yake karafuu moja moja mbele ya kamera na kumweleza kwa Kipemba ipi nzuri na ipi mbovu, na yule mzee anaitikia kila neno bila ya kufahamu hata moja. Mkalimani hawakumuita.

Msumari bado uko pale ukutani. Kesho asubuhi, kabla hata jamvi moja halijatoka nje, nitamuomba mama ufunguo wa sanduku.